Mwalimu wa Pembeni na Mtoto wa Ngulyati

Mzazi wa Ngulyati, wilayani Bariadi, akisha kuuza pamba yake na kukatwa deni la mbegu na dawa, hukabiliwa siku hizi na swali ambalo baba yake hakupata kuulizwa: je, sehemu ya fedha iliyobaki mkononi aitumie kumpatia mwanawe mwalimu wa pembeni, ama aiachie shule kazi yake na fedha aielekeze kwenye ndama na mabati? Swali hili linaulizwa Simiyu nzima, kuanzia Busega kandokando ya Ziwa Viktoria hadi Meatu, na linaulizwa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa kwa sauti kubwa zaidi. Lakini katika kata ya wakulima na wafugaji, ambako shilingi ya tuisheni hutoka moja kwa moja katika jasho la palizi, ndipo linapodai jawabu lililopimwa. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja kadiri nitakavyoweza, ni kwamba mwalimu wa ziada humfaa mtoto kweli kweli, katika ustadi wake na katika imani aliyo nayo juu ya nafsi yake, walakini faida hiyo hutoka katika kusikilizwa kwa mtoto mmoja mpaka kosa lake lijulikane lilipozaliwa, wala wingi wa saa peke yake hauwezi kuileta. Na kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachouzwa leo kwa jina la tuisheni haina budi kutazamwa kwa hadhari.

Kwanza yatupasa kuitendea shule insafu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa karne hii, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na tena elimu ilipotangazwa kuwa bila ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, milango ilifunguliwa kwa watoto ambao, kama si hatua hizo, wangalifuata mikia ya ng'ombe mpaka utu uzima. Wema huo mkubwa haukufuatana na walimu wa kutosha wala vyumba vya kutosha. Kipimo cha serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini katika vijiji vya kusini mwa Ziwa darasa la watoto 80, au 100 na ushei, si habari ya kumshangaza mtu. Kipindi kimoja ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto 80 kila mmoja anapata nusu dakika, na hiyo ni kabla ya kuita majina, kufuta ubao na kutuliza makelele. Mwalimu mwenye moyo atasahihisha madaftari yote 80 kwa kalamu nyekundu mpaka usiku, ataweka vema hapa na kosa pale, ila wasaa wa kumwita mtoto na kumwuliza kosa lile limetoka wapi hana, wala hawezi kuupata hata kwa ikhlasi kubwa namna gani. Anayemlaumu mwalimu huyo kwa uvivu na asimame yeye mbele ya darasa lile kwa wiki moja.

Sasa tuchukue hesabu ndogo kabisa: 52 kutoa 27. Mtoto wa darasa la tatu anaandika 35. Darasani atawekewa kosa, na labda ataambiwa hakuzingatia. Lakini mtu akiketi naye juu ya jamvi na kumwambia, "Hebu nieleze ulivyofanya," atasikia maelezo yenye mpango: "5 toa 2 ni 3. 2 toa 7 haitoki, basi nikafanya 7 toa 2, ikawa 5." Mtoto huyu hakuzembea. Anayo kanuni, ameitunga mwenyewe, na anaifuata kwa uaminifu; na kadiri anavyopewa maswali mengi ya namna hiyo ndivyo anavyozidi kukomaa katika kosa. Mazoezi 20 zaidi hayatamponya. Kinachomponya ni vijiti 52 vilivyofungwa kumi kumi, mafungu 5 na vijiti 2 vya pekee, na mwalimu anayemwomba ampe vijiti 27. Mtoto atatoa mafungu 2 bila taabu, kisha atavitazama vile vijiti 2 vilivyo peke yao, ataona havitoshi 7, atatafakari, na aghalabu, bila kuambiwa, mkono wake utakwenda kufungua kamba ya fungu moja. Kukopa kumi, ambako ubaoni kulikuwa alama tu juu ya tarakimu, kumekuwa tendo alilolifanya kwa vidole vyake. Atahesabu vilivyobaki, 25, na hatalisahau jambo hilo upesi.

Mifano ya namna hii haina idadi. Yuko mwanafunzi anayejumlisha nusu na theluthi akapata 2/5, kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wala hakuna aliyepata kumwonyesha kwamba 2/5 ni pungufu ya ile nusu aliyoanza nayo. Yuko anayesoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa sauti nzuri isiyokwama, na ukiufunika ukurasa hana la kukusimulia. Kosa la kila mmoja lina mzizi wake, na mzizi hauonekani mpaka mtoto aseme; na mtoto hasemi mpaka awepo mtu mwenye nafasi ya kumsikiliza. Hilo ndilo jambo la kwanza analolitenda mwalimu wa pembeni aliye mzuri, na katika hilo anaweza kumshinda hata mwalimu mwenye shahada anayesimama mbele ya umati.

Jambo la pili ni kujiamini, na hapa ningependa kukawia, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhaniwa kwamba mtoto hutiwa moyo kwa kusifiwa. Sifa isiyo na msingi mtoto huitambua mapema kuliko tunavyodhani, na humwacha na wasiwasi zaidi. Kujiamini hukua pale mtu anapojua kwa ithibati kwamba jana jambo lilimshinda na leo analiweza, na kwamba njia ya kutoka huko kuja huku aliipita mwenyewe.

Mtoto wa Ngulyati ana sababu za pekee za kunyamaza. Nyumbani, malishoni na kisimani anazungumza Kisukuma. Anapoingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Na akisha kukizoea na kukipenda, akifaulu darasa la saba, anaingia kidato cha kwanza akikuta masomo yake takriban yote yamehamia katika Kiingereza. Mara mbili, basi, katika safari moja ya elimu, anaambiwa ahame lugha aliyoizoea. Aliyekuwa hodari wa sayansi katika shule ya msingi, aliyeweza kueleza usanisinuru tangu jani hadi jua, huketi kimya mwaka unaofuata, na wenzake huanza kumhesabu mzito wa akili, ilhali maarifa yake hayakupotea. Yamekosa mlango wa kutokea. Akithubutu kujibu na ulimi ukateleza, kicheko cha darasa zima humfunga kinywa kwa muhula mzima. Na pale fimbo inapotumika kama adhabu ya kukosea, mwanafunzi mwenye busara hujifunza hekima ya hatari sana, nayo ni kwamba asiyejibu hapigwi.

Mbele ya mwalimu mmoja kosa halina hadhara. Mwanafunzi anaweza kukosea mara 4 mfululizo na hakuna mtu wa tatu wa kusimulia. Fauka ya hayo, kijana aliyezaliwa kata hiyohiyo anaweza kumwuliza kwa Kisukuma, akamkubalia ajibu kwa Kiswahili, kisha wakaliandika jawabu pamoja kwa Kiingereza, na ule ukuta wa lugha ukawa ngazi ya vipandio 3. Manufaa ya msaada wa mapema wa aina hii hayakuwa mageni kwa Simiyu: mradi wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi mkoani kwetu katika muongo uliopita, ulikuwa na mpango wa utayari wa kuanza shule ambao uliwatumia wasaidizi kutoka vijijini kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza, kwa sababu ilikwisha kudhihirika kwamba anayeingia shuleni bila Kiswahili huanza akiwa bubu, na bubu huyo hupitwa.

Lazima niseme hapa kwamba upo ualimu wa pembeni unaoua kujiamini badala ya kukujenga. Mwalimu anayeshika kalamu na kumaliza hesabu kwa mkono wake ili daftari lirudi nyumbani likiwa safi na mzazi aridhike, humfundisha mtoto kwamba bila yeye haiwezekani. Mtoto wa namna hiyo hufanya vizuri jioni na kuanguka asubuhi, na kila anapoanguka huomba tuisheni zaidi. Dalili ya mwalimu mwema ni kwamba maneno yake hupungua kadiri wiki zinavyopita na ya mwanafunzi huongezeka.

Wala elimu ya mtu kwa mtu si bidhaa iliyoletwa juzi. Katika vyuo vya Kurani vya Pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu, mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja, waliotangulia waliwasikiliza waliofuata, na aliyekwama leo hakuvushwa kesho kwa sababu wenzake wamevuka. Ulikuwepo ukali mwingi na kukariri kwingi, nami sitamani virudi. Lakini ule mpango wa kumkuta mtoto alipo ulikuwa wa haki. Busukuma nako palikuwa na shikome, moto wa jioni ambao wazee na vijana waliuzunguka, na kijana alielezwa mambo ya mifugo, ya mashamba na ya ukoo kwa kadiri ya umri na kazi yake. Shule ya kisasa ilipokuja na madawati yake ilileta wingi na usawa, neema mbili zisizokataliwa, na katika kubadilishana huko tukapoteza sikio.

Wataalamu wa nchi nyingine wamejaribu kulipima jambo hili kwa mizani. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake aliweza kuwapita wanafunzi 98 katika kila 100 wa darasa la kawaida. Hesabu hiyo ilikuwa ya matumaini mno, na tafiti za baadaye hazikuifikia. Mwaka 2020 Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walizikusanya tafiti 96 za nchi tajiri na kukuta faida iliyo ndogo kuliko ya Bloom lakini imara, inayoonekana karibu kila walipotazama; na walikuta mambo mawili yanayotuhusu sana: kwamba walimu na wasaidizi waliofunzwa huleta faida kubwa kuliko wanaojitolea tu, na kwamba masomo yanayofanywa ndani ya saa za shule hushinda yanayofanywa baadaye, wakati mtoto amekwisha kuchoka.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa India. Katika miji ya Vadodara na Mumbai taasisi ya Pratham iliwaajiri wasichana wa mitaa hiyohiyo waliomaliza sekondari, kwa mshahara mdogo, wakawachukua watoto waliobaki nyuma kutoka darasani kwa muda wa saa 2 kila siku na kuwafundisha mambo ya msingi ambayo wenzao walikwisha kuyashika. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao waliyapima matokeo, wakayachapisha mwaka 2007: watoto wale walipanda, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa chini kabisa. Wasichana wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na kundi dogo, na idhini ya kuanzia pale mtoto aliposhindwa, hata kama mtaala ulikuwa umekwisha kufika mbali.

Turudi kwetu. Katika mtihani wa mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, watahiniwa takriban 6 katika kila 10 wa kidato cha nne nchini walipata daraja sifuri katika matokeo ya awali, mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Msiba ule uliwatia wazazi hofu ambayo haijawatoka. Miaka michache baadaye, Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, Simiyu ikajulikana nchini kwa kambi zake za kitaaluma: wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa wakati wa likizo, walimu hodari wa mkoa wakagawana mada ngumu, na jina la Simiyu likapanda katika orodha ya matokeo ya taifa. Nawaheshimu waliofanya kazi ile. Iliwapa vijana wa mkoa uliozoea kuwa mkiani fahari yao, na fahari hiyo nayo ni aina ya kujiamini. Lakini kambi ni dawa ya mwisho wa safari. Inamfaa aliyekwisha kufika mlangoni pa mtihani na kukosa ufunguo mmoja au miwili. Yule aliyeachwa nyuma tangu darasa la tatu, na kosa lake la kutoa lingali hai katika hesabu za aljebra, haponi kwa wiki chache za kusikiliza mwalimu wa mada mbele ya wanafunzi 200.

Ama tuisheni ya kila siku, ile ya kulipa mia mbili au mia tano mkononi, aghalabu ni darasa jingine. Watoto walewale 60 waliotoka shuleni wanaingia chumba kingine, wananakili ubaoni maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake, na kurudi nyumbani magharibi. Anayeelewa hupata mazoezi. Asiyeelewa hupata mwandiko. Na ubaya huzidi pale mwalimu anayetoza jioni ndiye mwalimu wa darasa asubuhi, maana hata akiwa mwadilifu, yu katika majaribu ya kuyaacha yaliyo muhimu mpaka saa ya malipo. Yule ambaye mzazi wake hakulipa huona waziwazi kwamba somo lipo ila si lake, na sijui dhuluma inayoingia moyoni mwa mtoto kwa kina kuliko hiyo. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza kwa ukali michango katika shule za umma. Kenya, katika sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, ilipiga marufuku masomo ya likizo. Naielewa hasira iliyo nyuma ya makatazo hayo. Hata hivyo kiu haikatazwi kwa sheria. Likifungwa darasa la hadhara, mwenye nacho humwita mwalimu sebuleni kwake, na asiye nacho ndiye pekee anayebaki kuitii marufuku.

Na asiye nacho katika Ngulyati si lazima awe amekosa fedha tu. Msichana akitoka shule anasubiriwa na ndoo na watoto wadogo, na mama yake hatamruhusu arudi njiani giza limeingia, kwa sababu zilizo wazi. Mvulana anasubiriwa na ng'ombe. Kuanzia palizi hadi mavuno ya pamba, ambayo hushika kasi miezi ya Mei hadi Julai, mikono yote ya nyumba ina kazi. Masomo yanayopangwa saa 11 jioni yamekwisha kuwachagua wanafunzi wake kabla jina la kwanza halijaandikwa. Ndiyo maana ule ushahidi wa kuwa saa za shule ni bora kuliko za baadaye una uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko huko ulikopatikana: saa moja katikati ya mchana, watoto wakiwa wamepata uji, katika vikundi vya 4 au 5 vilivyopangwa kwa kile wanachokijua bila kutazama umri wala darasa, humfikia msichana na mchungaji sawasawa.

Walimu wa vikundi hivyo watatoka wapi? Kata nzima ina vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wanaosubiri bahati. Wanajua Kisukuma, wanakumbuka kwa uchungu wa karibu pale walipokwama wenyewe, na wakifunzwa kwa muda mfupi jinsi ya kuuliza, kusikiliza na kutumia vijiti, chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu, wanaweza kufanya walichofanya wasichana wa Vadodara. Simu nayo isidharauliwe. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, watafiti nchini Botswana waliwapigia wazazi simu za kawaida, dakika 20 kwa wiki, wakimfundisha mtoto hesabu huku mzazi akisikiliza. Watoto wakapata maendeleo yaliyopimika, ilhali waliotumiwa ujumbe wa maandishi peke yake hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Simu ya kitochi iliyo mfukoni mwa mkulima wa Ngulyati inatosha kwa kazi hiyo.

Mzazi naye, hata asiyejua kusoma, ana haki ya kumhoji anayemlipa. Na aulize mtoto wangu anakosea wapi hasa, na mwezi ujao aulize tena. Atakayejibu kwa jumla, kwamba hesabu zinamsumbua, bado hajamsikiliza mtoto yule.

Inabaki gharama, maana vijana hawa wasipolipwa wataondoka baada ya muhula mmoja, na hatuna haki ya kuwalaumu. Halmashauri hukusanya ushuru wa pamba, asilimia 3 tangu sheria ya fedha ya mwaka 2017 ilipoupunguza kutoka 5, na ushuru huo unatoka katika mashamba ya wazazi hawahawa. Kutenga sehemu yake ndogo kuwa posho ya wasaidizi wa kusoma na kuhesabu, kwa shule zilizo na msongamano mkubwa kwanza, si jambo la kusubiri mradi wa wafadhili. Kamati za shule za Ngulyati zinaweza kulipeleka kwa diwani kabla msimu wa kununua haujafunguliwa, likiwa na orodha iliyoandaliwa na walimu ya watoto wa darasa la tatu na la nne wasioweza kutoa, na majina ya vijana walio tayari kuanza.